Utepe wa rangi kwenye chupa: jinsi maabara hupima madhara ya viuadudu mwilini

Jumamosi asubuhi katika mtaa wa Elgon View, Eldoret, si ajabu kumpata mfanyakazi wa bustani akiwa na pampu mgongoni, akinyunyizia ua wa michongoma, maua ya waridi au matuta ya sukuma wiki nyuma ya nyumba. Mara nyingi dawa anayotumia haimo tena katika chupa iliyotoka nayo duka la agrovet. Imemiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji: nusu lita kutoka kwa jirani, au baki la dawa ya mahindi kutoka shambani kule Moiben au Ziwa. Aliyeimimina anajua ni nini. Anayeinyunyiza huenda hajui, na mtoto atakayeikuta kwenye gereji hajui kabisa.

Dawa inapohamishwa hivyo, jina si kitu pekee kinachopotea. Lebo iliyobandikwa kwenye chupa asilia ni muhtasari wa kazi ya miaka mingi ya maabara: maini ya panya yaliyotazamwa kwa hadubini, kuku waliochunguzwa wakitembea, na vipande vya ngozi vilivyopimwa ili kujua ni kiasi gani cha dawa hupenya. Glavu zilizochorwa kwenye lebo, idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na utepe wa rangi ulio chini yake, vyote vilitokana na vipimo hivyo. Makala haya yanaeleza vipimo hivyo hufanywaje, vinasema nini, na mkazi wa Kaunti ya Uasin Gishu anaweza kuvitumia vipi kujilinda yeye na anaowaajiri.

Rangi nne na namba iliyo nyuma yake

Dawa ya kuua wadudu iliyosajiliwa nchini huwa na utepe wa rangi kwenye lebo. Mwekundu ni wa sumu kali sana. Wa njano ni wa sumu ya kiwango cha wastani. Wa buluu ni wa hatari ndogo zaidi, na wa kijani ni wa dawa isiyotarajiwa kuleta madhara ya ghafla ikitumiwa ipasavyo. Mpangilio huu unafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani.

Msingi wa madaraja hayo ni kipimo kilichobuniwa mwaka 1927 na mwanasayansi wa Uingereza, J. W. Trevan, aliyekuwa akitafuta njia ya kulinganisha nguvu za dawa za hospitalini. Aliuliza swali moja: ni kiasi gani kinachoua nusu ya wanyama wanaopewa? Kwa viuadudu, wanyama hao kwa kawaida ni panya, na jibu huandikwa kwa miligramu kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili.

Katika daraja la hatari zaidi, chini ya miligramu 5 kwa kilo zinatosha. Miligramu 5 ni kama robo ya punje moja ya mchele. Daraja linalofuata ni la kati ya miligramu 5 na 50, na yote mawili hubeba utepe mwekundu. Wa njano unaanzia miligramu 50 hadi 2000. Wa buluu ni wa zaidi ya 2000, na wa kijani ni wa kuanzia 5000.

Upana wa daraja la njano unastahili kutazamwa vizuri. Dawa mbili zenye utepe huo zinaweza kupishana kwa ukali hata mara thelathini. Kwa hiyo anayesema "hii ni ya njano tu, haina neno" hajasoma lebo yote.

Namba hiyo pia ina upungufu wake: inahesabu vifo. Haisemi lolote kuhusu panya aliyenusurika, kama ini lake limebaki zima au neva zake zimeanza kufa polepole. Ili kulijua hilo, maabara inalazimika kufungua mwili na kutazama tishu, yaani nyama za viungo zilivyojengwa seli kwa seli.

Safari ya kipande cha ini

Jaribio moja linalotakiwa na wasajili wa dawa katika nchi nyingi huchukua siku 90. Panya hugawanywa katika makundi yasiyopungua manne. Kundi moja halipewi dawa yoyote, nayo mengine matatu hupewa viwango vitatu tofauti kila siku. Kila kundi huwa na angalau madume 10 na majike 10. Siku hizo zikiisha, ini, figo, moyo, ubongo, wengu na viungo vya uzazi hupimwa uzito, na vipande vidogo hukatwa kwa uchunguzi.

Kipande hutiwa kwanza ndani ya fomalini ili kisioze, na seli zake zibaki zilivyokuwa mnyama alipokufa. Halafu hutolewa maji kwa kupitishwa katika alkoholi inayozidi kuwa kali, husafishwa kwa kemikali ya zailini, kisha huzamishwa kwenye nta ya moto ya parafini. Nta ikiganda, mashine yenye wembe mkali, iitwayo mikrotomu, hukikata kama mkate wa slaisi, ila kila slaisi ina unene wa takriban milimita 0.004. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo kwa zaidi ya mara kumi.

Slaisi hiyo huwekwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili. Hematoksilini hupaka viini vya seli rangi ya zambarau, na eosini hupaka sehemu zilizobaki rangi ya waridi. Hii ndiyo mbinu ileile inayotumiwa hospitalini kuchunguza kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na saratani. Tofauti ni kwamba hapa mtaalamu wa patholojia anatafuta alama za sumu.

Ini lenye afya huonekana kama mtaa uliopangwa vizuri, safu za seli zikielekea kwenye mshipa wa katikati. Ini lililoshambuliwa hupoteza mpangilio huo. Matone ya mafuta hujaa ndani ya seli, seli nyingine huvimba, nyingine hufa, na seli za kinga hukusanyika pale penye jeraha. Kwenye figo, utando wa ndani wa mirija midogo huweza kubanduka. Kwenye korodani, idadi ya seli zinazotengeneza mbegu za kiume huweza kupungua. Panya mwenyewe huenda alikuwa akila na kukimbia kama kawaida mpaka siku ya mwisho.

Ini hutazamwa kwa makini zaidi kwa sababu ndilo jiko la mwili. Sumu nyingi huvunjwa huko, lakini si zote zinazotoka zikiwa zimepungua nguvu. Parathion na chlorpyrifos, ambazo ni viuadudu vya jamii ya oganofosfeti, hugeuzwa na ini kuwa kemikali kali kuliko ilivyokuwa dawa yenyewe. Ndiyo maana aliyeingiwa na dawa hizi anaweza kujiona mzima kwa saa kadhaa, kisha akazidiwa usiku.

Mwisho wa jaribio, wataalamu hutafuta kiwango cha juu kabisa ambacho hakikuonyesha dhara katika tishu yoyote. Kwa kawaida kiwango hicho hugawanywa kwa 100: mara 10 kwa kuwa binadamu si panya, na mara 10 nyingine kwa kuwa mtoto, mzee, mja mzito na mgonjwa hawalingani na kijana mwenye afya. Kinachobaki ndicho huongoza kiasi cha mabaki ya dawa kinachoweza kuruhusiwa katika chakula. Siku za kusubiri kati ya kunyunyizia sukuma wiki na kuichuma zinatokana na hesabu za aina hii. Anayechuma kesho yake kwa sababu soko ni zuri anaifuta hesabu hiyo yote.

Kuku na neva zinazokufa polepole

Kipimo kingine kitawashangaza wafugaji, kwa kuwa mnyama wake ni kuku. Kuku jike aliyekomaa, wa umri wa miezi minane hadi kumi na miwili, hupewa dawa ya oganofosfeti na kuchunguzwa kwa siku 21. Wataalamu hutazama anavyotembea na anavyosimama. Baadaye vipande vya ubongo, uti wa mgongo na neva za miguu hutazamwa kwa hadubini.

Sababu ya kumtumia kuku ni kwamba kemikali fulani za jamii hii haziui papo hapo. Huharibu nyuzi ndefu za neva, na dalili hujitokeza wiki moja hadi tatu baadaye: ganzi miguuni, kisha udhaifu, kisha kupooza. Panya haonyeshi ugonjwa huu waziwazi kama binadamu, lakini kuku huuonyesha.

Ulimwengu ulijifunza hayo kwa gharama kubwa. Mwaka 1930 makumi ya maelfu ya watu nchini Marekani walipooza miguu baada ya kunywa kinywaji cha tangawizi kilichochanganywa na kemikali ya jamii ya oganofosfeti. Mwaka 1971 nchini Misri, nyati wa kufugwa zaidi ya elfu moja walipooza na kufa katika eneo la delta ya mto Nile, ambako mashamba ya pamba yalikuwa yakinyunyiziwa kiuadudu kiitwacho leptophos. Mahali ambapo maabara haikutazama mapema, mifugo na watu ndio waliogeuka kuwa jaribio.

Ngozi ni mlango

Wengi hudhani sumu huingia kwa kinywa au pua tu. Kwa anayebeba pampu, mlango mkubwa ni ngozi. Maabara za leo huweza kupima hilo bila kumtumia mnyama aliye hai. Kipande cha ngozi, mara nyingi kilichobaki baada ya upasuaji na kutolewa kwa idhini, hutandazwa kati ya vyumba viwili vidogo vya kioo. Dawa huwekwa upande wa juu, nao umajimaji ulio chini hupimwa saa baada ya saa kuona ni kiasi gani kimepita. Ipo pia ngozi inayokuzwa maabara kutokana na seli za binadamu, ambayo hutumiwa kupima kama dawa inawasha au kuunguza.

Ngozi haifanani mwili mzima. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1971 ulipima kiasi cha parathion kinachopenya sehemu mbalimbali za mwili wa watu waliojitolea. Dawa hiyo sasa imo katika orodha ya zilizopigwa marufuku Kenya. Kwenye mkono, kati ya kiwiko na kiganja, ilipenya karibu asilimia 9. Kwenye paji la uso ilifika asilimia 36. Kwapani ilifika asilimia 64, na kwenye ngozi ya korodani ilipenya karibu yote.

Namba hizo zinamhusu moja kwa moja mtu mwenye pampu. Mfanyakazi anayepangusa jasho la paji la uso kwa mkono uliolowa dawa anaipeleka mahali inapoingia mara nne zaidi. Pampu inayovuja hulowesha mgongo, kisha suruali, na dawa hufika pasipo na kinga yoyote. Anayeenda haja ndogo kabla ya kunawa mikono anajitia sumu pale mlango ulipo wazi kabisa. Suruali ya kawaida na ndala si vazi la kazi hii. Ovaroli, gamubuti, glavu za mpira, miwani na barakoa iliyotajwa kwenye lebo viliwekwa hapo kwa sababu kuna aliyepima.

Damu nayo ni tishu

Si lazima mtu afe ndipo tishu yake ichunguzwe. Damu ni tishu, na kwa oganofosfeti na jamii nyingine ya viuadudu iitwayo kabameti, ndiyo inayotoa taarifa mapema zaidi.

Neva huwasiliana na misuli kwa kemikali inayoachiliwa kama amri. Baada ya amri kutekelezwa, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huivunja ili msuli upumzike. Viuadudu hivi hukifunga kimeng'enya hicho. Amri inabaki palepale na msuli haupumziki. Mate na machozi hutiririka, mboni za macho hupungua na kuwa kama ncha ya pini, tumbo husokota, misuli hurukaruka, kifua hujaa majimaji, na mwishowe pumzi hukatika. Mdudu hufa kwa njia hiyo, na binadamu pia.

Kwa bahati nzuri, kolinesterasi hupatikana pia katika seli nyekundu za damu na katika maji ya damu. Tone la damu linaweza kuonyesha ni kiasi gani cha kimeng'enya kimefungwa kabla mtu hajaanguka.

Kipimo hicho kimewahi kutumiwa nchini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, Grace Ohayo-Mitoko na wenzake walipima damu ya wafanyakazi wa mashamba 666 katika maeneo ya Naivasha, Wundanyi, Homa Bay na Migori. Kati yao, 390 walikuwa wakikutana na viuadudu kazini na 276 hawakuwa wakikutana navyo. Kwa waliokutana navyo, nguvu ya kimeng'enya ilishuka kwa wastani wa karibu theluthi moja ikilinganishwa na kiwango chao cha awali. Kwa wengine haikubadilika sana. Waliopimwa hawakuwa wagonjwa waliolazwa hospitalini. Walikuwa watu walio kazini.

Utafiti huo ulitegemea jambo moja ambalo kila mwajiri anafaa kulifahamu: kipimo cha kwanza hufanywa kabla ya msimu. Watu hutofautiana sana kwa asili, hivyo namba moja peke yake haisemi mengi. Aliye na kiwango cha juu kiasili anaweza kupoteza theluthi nzima na bado aonekane wa kawaida. Jimbo la California nchini Marekani limekuwa na utaratibu wa aina hii tangu mwaka 1974. Kimeng'enya cha seli nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango cha awali cha mfanyakazi, huondolewa kwenye kazi ya dawa mpaka kipande tena hadi asilimia 80.

Kupanda huko huchukua muda. Seli nyekundu huishi takriban siku 120, na kimeng'enya kilichoharibiwa na oganofosfeti hurejea kadiri seli mpya zinavyotengenezwa. Mtu anayenyunyizia leo, wiki ijayo na wiki inayofuata huwa anaongeza deni kabla ya kulilipa la kwanza. Ndiyo maana siku ya kumi inaweza kumwangusha mtu ambaye siku tisa za mwanzo hazikumfanya lolote.

Pale vipimo vinapoishia

Vipimo hivi vina mipaka, na mkazi anastahili kuijua. Majaribio mengi hupima kemikali moja kwa wakati mmoja. Tangu viwavi jeshi kutoka Amerika waripotiwe nchini mwaka 2017, baadhi ya wakulima wa mahindi wamekuwa wakichanganya dawa mbili au tatu kwenye pampu moja wakitumaini kuwa zitaua zaidi. Mchanganyiko wa aina hiyo, usiotajwa kwenye lebo, haukupimwa katika tishu ya panya, kuku wala ngozi. Wa kwanza kuupima ni aliyebeba pampu.

Neno "asilia" nalo lisimdanganye mtu. Kemikali za pareto, ua ambalo limekuzwa katika nyanda za juu za Kenya kwa miongo mingi, na piretroidi zilizotengenezwa kwa kuziiga, hazimdhuru binadamu kwa urahisi kama oganofosfeti, kwa sababu mwili wake huzivunja haraka. Ndizo zinazopatikana katika dawa nyingi za kupulizia mbu na mende nyumbani. Lakini samaki hufa kwa kiasi kidogo sana cha piretroidi, na paka hawana uwezo wa kuzivunja vizuri, hasa ile iitwayo permethrin. Maji ya kuoshea pampu yanayomwagwa kwenye mtaro wa Elgon View yanaweza kuishia mto Sosiani, ambao watu na mifugo walio chini yake wanautegemea.

Pia, ujuzi hubadilika. Chlorpyrifos ilitumika kwa miaka mingi dhidi ya mchwa na wadudu wa mazao. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiweka katika orodha ya kemikali zinazopaswa kuondolewa duniani, isipokuwa kwa matumizi machache yaliyotajwa. Mwezi Juni mwaka huohuo, serikali ya kitaifa ilitangaza kuwa bidhaa 77 za kudhibiti wadudu zimeondolewa katika soko la Kenya na nyingine 202 zimewekewa vikwazo vya matumizi. Chupa iliyonunuliwa miaka mitano iliyopita na kusahaulika stoo inaweza kuwa mojawapo ya hizo.

Mfugo au mtu akishukiwa kula sumu

Ng'ombe akianguka ghafla baada ya kunyunyiziwa dawa ya kupe au kutoka joshoni, mkulima amwite daktari wa mifugo mara moja. Akifa, asichinjwe, na nyama isiliwe wala kuuzwa. Hapa Eldoret ipo maabara ya kanda ya uchunguzi wa mifugo, iliyo chini ya Idara ya Huduma za Mifugo ya serikali ya kitaifa.

Namna sampuli inavyohifadhiwa huamua kama jibu litapatikana. Kipande cha kutazamwa kwa hadubini hutiwa kwenye fomalini na hakigandishwi kwa barafu, kwa kuwa barafu hupasua seli. Kipande cha kutafutia kemikali, pamoja na yaliyomo tumboni, huwekwa kwenye barafu na hakitiwi fomalini, kwa kuwa fomalini huvuruga kipimo. Kwa hiyo kazi hiyo aachiwe daktari. Katika visa vya watu vinavyochunguzwa kisheria, vipimo vya kemikali hufanywa na Idara ya Mkemia wa Serikali, yenye maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Mtu akiingiwa na dawa, hatua za kwanza ni hizi. Aondolewe mahali palipo na dawa na avuliwe nguo zilizolowa. Aoshwe kwa sabuni na maji mengi, na anayemsaidia avae glavu. Asilazimishwe kutapika. Asipewe maziwa, kwa kuwa maziwa si dawa ya sumu hii na yanaweza kumpalia. Apelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri dalili zizidi. Wanaozidiwa huweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Na chupa ya dawa iende naye. Daktari akijua ni oganofosfeti, anajua pa kuanzia, ikiwemo sindano ya atropini. Akiletewa chupa ya soda isiyo na jina, anaanza kwa kukisia huku muda ukipita.

Wajibu wa mwajiri na wa mkazi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga pale kazi inapomweka kwenye hatari. Mfanyakazi anayekuja Elgon View kutoka Langas au Huruma kwa kibarua cha siku moja hapaswi kuambiwa aje na glavu zake. Anayelipia dawa ndiye anayepaswa kulipia kinga.

Wakazi wanashauriwa kuzingatia haya:

Kununua dawa katika duka lenye leseni, na kutazama kama lebo ina namba ya usajili inayoanza kwa herufi PCPB, za Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu.

Kutohamishia dawa kwenye chupa ya kinywaji kamwe, hata kwa siku moja. Dawa ikae katika chupa yake, ndani ya stoo iliyofungwa kwa kufuli, mbali na chakula na watoto.

Kusoma utepe wa rangi, kipimo, mavazi na siku za kusubiri kabla ya kufungua kifuniko. Asiyejua kusoma asomewe na anayemtuma.

Kutochanganya dawa ambazo lebo haijasema zichanganywe.

Kutoboa chupa tupu baada ya kuisuuza mara tatu, na kumwaga maji ya suuza ndani ya pampu ili yanyunyizwe shambani, si mtaroni.

Kwa wanaonyunyizia oganofosfeti au kabameti mara kwa mara, kumuuliza daktari kuhusu kipimo cha kolinesterasi kabla ya msimu na wakati wa msimu.

Kumwona afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kutupa dawa ya zamani au isiyo na lebo. Isimwagwe chooni, mtoni wala shimoni.

Panya wa siku 90, kuku wa siku 21 na wafanyakazi 666 waliotoa damu yao walikwisha kutoa majibu, na majibu hayo yamefupishwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa chupani. Mfanyakazi anayebeba pampu Jumamosi asubuhi hana sababu ya kuyatafuta upya kwa ini lake mwenyewe. Kinachohitajika ni chupa ibaki na lebo yake, na anayemwajiri amsomee kabla hajaifungua.